Sauti Hii Siipendi, Fundi

4 Februari

Mdogo wangu,

Nyumbani tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika. Mama hajambo. Anakusalimu na anauliza kama bado wanakunyoa kipara, maana anasema kichwa chako hakikuumbwa kwa ajili ya kipara. Paa la chumba chako lilivuja, nimeliziba, na vitu vyako nimevihamishia chumba cha cherehani. Mimi nashona sare mpaka vidole vinapinda. Shule zimefunguliwa na kila mzazi anadai ya mwanawe iwe ya kwanza.

Sasa nina jambo, na usinicheke. Nimenunua gari. Ni dogo, la rangi ya maziwa, limetumika. Dalali aliyeniuzia ana meno mazuri sana, akaapa kwamba mwenye nalo alikuwa mama mmoja mtaratibu, alikuwa akienda nalo kanisani na kurudi. Siku nilipolijaribu lilikuwa kimya kama maji mtungini. Wiki ya pili likaanza kugonga. Si breki, si magurudumu, ni mle mle kwenye injini. Ngo, ngo, ngo, kama jirani wa nyumba ya tatu anapigilia misumari.

Nimeenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema vali. Wa pili kasema plagi, akabadilisha, likagonga vile vile. Wa tatu kaniambia nifungulie redio.

Wewe ungelisikiliza mara moja tu ungeniambia. Huna haja ya kuja, nieleze tu nitazame nini. Nalihitaji kwa safari zangu za hapa na pale.

Ni mimi dada yako.


27 Februari

Dada, shikamoo. Na kwa mama, shikamoo mara mbili.

Barua yako imenifikia ikiwa imeshafunguliwa na kusomwa, kama zote, na mhuri wa ofisi ya gereza juu. Nashukuru kwa paa. Mimi ni mzima. Nimo karakana ya useremala, natengeneza madawati ya shule, kwa hiyo pengine watoto unaowashonea sare wanakalia mbao zangu. Mwambie mama nywele zinamea.

Kuhusu gari, sina la kusema. Magari nimeyaacha, dada. Hata hapa bwana jela mmoja aliniomba nimsikilizie lake, nikamwambia masikio yangu yalibaki nje ya geti. Wenzangu wananiita Bubu. Tafuta fundi wa nne.

Nisalimie wote.

Linagonga likiwa baridi, au likishapata moto? Na linazidi ukiongeza mafuta, au ukiachia? Usiponijibu pia si neno.


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi kusikia habari za nywele. Anakula kidogo kidogo, mvua zimeanza, na jirani yetu muuza mkaa amepata mjukuu.

Lakini umenikera. Eti masikio yalibaki nje! Wewe ulikuwa ukilala chini ya magari tangu hujaota ndevu, ukisikia lori linapita barabarani unamwambia mama bado wiki mbili litakufa, na linakufa. Leo dada yako anakuuliza, unajifanya seremala.

Najua kinachokuuma. Ni lile basi. Mpaka lini? Watu tisa walikufa, Mungu awarehemu, lakini si wewe uliyewaua. Ulisema mbele ya hakimu kwamba dereva hakukuambia kitu, na mimi nakuamini kuliko ninavyoiamini mikono yangu. Alikuwa Taratibu yule, aliyepewa jina hilo kwa upole wa kuendesha, kumbe siku hiyo alikuwa akikimbia. Nilimwambia mkewe wazi wazi pale nje ya mahakama, na yule binti yao amemshika mkono: mume wako ndiye aliyeua, ndugu yangu kabebeshwa tu mzigo. Sijutii.

Kwa hiyo nijibu kama fundi. Asubuhi likiwa baridi halisikiki. Likishapata moto linaanza, na linazidi ninapoachia mafuta, hasa kwenye mteremko. Mara mbili kwa wiki navuka mlima kwenda upande wa pili, na kila ninapoteremka nashika usukani kwa mikono yote miwili na kumwomba Mungu.

Dada yako.


30 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini mjukuu wa jirani anaendelea vizuri, na mama anaongeza chakula. Huku mvua ni nyingi, mbao hazikauki.

Fanya hivi, wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Kwanza, washa ufunguo bila kuwasha injini. Kwenye dashibodi iwake taa nyekundu yenye picha ya kibuyu kidogo cha oili. Niambie kama inawaka.

Pili, chomoa kijiti cha kupimia oili, ufute kwenye kitambaa cheupe, ukisogeze juani. Tazama kama kuna vitu vinavyometameta. Kama vipo, vipitishie ile sumaku yako ya kuokotea pini. Vikiifuata sumaku, niandikie. Visipoifuata, niandikie siku hiyo hiyo.

Tatu, likiwa limepata moto na linagonga, mwambie fundi achomoe waya wa plagi moja, arudishe, achomoe wa pili, hivyo hivyo zote. Usikilize kama kuna mmoja ambao ukitoka sauti inapungua.

Na mpaka tujue, usishuke ule mlima. Ukilazimika, na Mungu apishie mbali, injini ikizimika kwenye mteremko, breki itakuwa ngumu. Usiikanyage ukaachia, ukaikanyaga ukaachia. Nguvu iliyobaki ni ya mara moja tu. Kanyaga klachi, kanyaga breki kwa nguvu zako zote na usiinue mguu, vuta breki ya mkono polepole, elekeza gari kwenye mwamba upande wa mlima na siyo bondeni. Gari likivunjika si kitu.

Kwa nini mara mbili kwa wiki? Unampeleka nani huko?

Mdogo wako.


18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku kwema. Sare zimepungua, sasa nashona mapazia. Mama anashinda amekaa, anapenda kukaa dirishani.

Nimefanya ulivyosema, na niliyoyaona yamenitia baridi. Taa ya kibuyu haikuwaka. Fundi alifungua dashibodi akakuta glopu yake imetolewa, yaani haikuungua, imetolewa na mtu. Kuhusu oili, nilitumia kipande cha kola ya sare. Ni nzito kama asali, inashuka kwa uvivu, na juani inameta kama vumbi la shaba. Nikapitisha sumaku. Halikuifuata hata punje moja.

Waya wa plagi ya tatu ulipochomolewa, sauti ilinyamaza nusu. Fundi akatikisa kichwa, kisha akanitazama usoni akaona nimeogopa, akasema, “Usijali mama, magari mengi yanatembea hivi. Litafika mwisho wa mwaka.”

Basi na mimi nimekata shauri. Nitalitumia mpaka mwezi wa sita, taratibu, halafu nitaona. Siwezi kuliegesha, usiniulize kwa nini. Nikiteremka naimba ili nisilisikie.

Nijibu, lakini usinitishe. Nimeshatishika ya kutosha.

Dada yako.


3 Mei

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Shikamoo, na mama pia.

Liegeshe gari hilo. Liegeshe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Hilo ni beringi la konrodi, silinda ya tatu. Konrodi ni mkono wa chuma unaoshika pistoni, na beringi ni kile kikombe laini unapokalia. Kimeliwa. Vumbi uliloliona ndicho hicho kikombe, kinazunguka na oili. Aliyekuuzia alijua. Alitia oili nzito ili kuzima sauti, akatoa glopu ili usione taa. Injini hiyo haitakuonya tena. Siku mkono huo ukikatika, kila kitu kitasimama mara moja.

Najua utasema fundi wa huko kaliona, kasema litafika. Ndiyo maana nakuandikia yafuatayo. Barua hii itasomwa na ofisi kabla yako, nalijua hilo, na kalamu inanitetemeka ukurasa mzima kama unavyoona. Lakini nisipoandika hutaniamini.

Sauti hiyo naijua kwa sababu niliisikia kwenye lile basi.

Taratibu alinijia asubuhi, abiria bado hawajapanda. Hakuja kwa mambo ya breki wala magurudumu. Alizima redio, akafungua boneti, akasema, “Sauti hii siipendi, fundi. Nabeba watu.” Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Nikaweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nikasikiliza. Silinda ya pili. Niliijua ndani ya pumzi moja, dada, usiniulize kama nilikuwa na shaka. Sikuwa nayo.

Tajiri mwenye basi alikuwa amesimama pale na saa yake. Akasema lipige safari ya leo tu, kesho tutalifungua. Taratibu akanigeukia mimi. Hakumtazama tajiri, alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi. Akauliza, “Wewe unasemaje?”

Nikasema litafika.

Nikatia oili nzito. Sauti ikashuka. Kwenye daftari la gereji nikaandika: halina neno. Taratibu akapanda. Mchana nikasikia.

Hakuwa akikimbia. Injini ilikufa kwenye mteremko, breki zikawa mawe, na basi lililojaa watu halisimamishwi kwa miguu miwili. Hakimu aliponiuliza kama dereva aliniambia lolote, nilisema hakuniambia kitu. Nikafungwa kwa uzembe wa kutokagua. Uzembe! Ningesema kweli lingekuwa jambo jingine. Maiti haiwezi kubisha, nikamtwika.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa bubu. Unichukie, lakini uwe hai. Liegeshe gari.

Mdogo wako.


9 Juni

Dada, shikamoo. Mama hajambo?

Sijapata jibu lako. Nimejua sababu moja. Barua yangu ya tarehe tatu Mei ilizuiwa ofisini zaidi ya wiki tatu. Afisa wa barua aliniita. Alikuwa ameiweka mezani, ameikunjua.

“Unajua ulichoandika hapa?”

“Najua, afande.”

“Nikiigonga mhuri siwezi kusema sikuisoma. Nakala itakwenda juu. Na wewe umebakiwa na mwaka mmoja na nusu tu. Ichukue, uiandike upya bila hayo mambo ya basi.”

Nikamwambia bila hayo dada hataniamini. Akasema atafikiri. Nilirudi mara nne kumwomba. Mwisho wa mwezi akaigonga. Wiki tatu, dada, na kila wiki una safari mbili.

Niandikie neno moja tu. Hata tusi.

Mdogo wako.


2 Julai

Dada,

Katika karakana tunafungia misumari kwenye magazeti ya zamani. Nimeanza kuyasoma kabla sijayachana. Natafuta habari za mlima wenu. Nikikuta ajali, nasoma rangi ya gari kwanza. Wiki iliyopita nilikuta moja ya gari dogo jeupe, nikakaa chini kwenye vumbi la randa mpaka seremala mkuu akaja kunishika bega. Lilikuwa gazeti la miaka miwili nyuma.

Kama uko hai, niambie. Kama kuna mwingine anayesoma barua hii badala ya dada yangu, tafadhali, wewe ndugu, andika nyuma ya karatasi hii hii na uirudishe.


20 Julai

Kwako,

Niko hai. Mama yuko hai. Barua zako zote tatu nimezipata, na sitakudanganya kwamba posta ilichelewa. Ya kwanza ilinifikia tarehe sita Juni. Nyingine niliziweka chini ya cherehani nikaendelea kushona.

Nianze na niliyokuficha mimi, maana si wewe peke yako uliyeficha. Mama figo zake zimekufa. Tangu Januari anasafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, hospitali ya ng'ambo ya mlima. Kwenye basi alikuwa akitapika njia nzima na watu wanafunika pua, ndipo nikanunua gari. Yeye ndiye aliyenikataza kukuambia. Alisema mfungwa asipewe mzigo asioweza kuutua.

Tarehe kumi na nne Mei tulikuwa tunarudi. Mama amelala kiti cha nyuma, amechoka na mashine. Kwenye kona ya tatu ya mteremko ile sauti haikuwa tena ngo ngo. Ikawa kama mtu anavunja sanduku kwa shoka. Kisha mlio mmoja mkubwa, kisha kimya kabisa. Nilisikia upepo tu na matairi. Usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu mwingine. Mbele yetu kulikuwa na kona, na baada ya kona hakuna kitu, ni hewa.

Mwili wote ulitaka kuipiga breki mateke. Nikaona mwandiko wako. Nakwambia niliuona, na lile neno “mara moja” ulivyolipigia mstari. Nikakanyaga klachi, nikakanyaga breki, sikuinua mguu. Nilivuta breki ya mkono, nikapeleka pua ya gari upande wa mlima. Tuliparuza mwamba, kioo cha upande kikaruka, tukasimama. Mguu wangu haukutaka kutoka kwenye breki, niliushika kwa mikono miwili kuutoa.

Mama akafungua macho, akauliza, “Tumefika?”

Injini ina tundu ubavuni. Ile konrodi yako imechomoza nje kama mfupa uliovunjika. Tulirudi na lori la muuza mkaa, na wiki hiyo hiyo nikapanga chumba nyuma ya hospitali, mimi, mama na cherehani. Tulipokwisha kutulia nikaanza kukuandikia barua ya shukrani. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili. Nimeandika kwamba ndugu yangu ameniokoa akiwa ndani ya kuta nne, na kwamba wanaomwita muuaji waje wamuulize mama. Ndipo jirani akaniletea yako.

Nilidhani ukweli ukija utakuja kama radi. Ulikuja kama mtu anayenivua nguo sokoni. Miaka minne nimekusemea. Nimegombana na watu. Nimemwambia mjane, mbele ya mwanawe, kwamba mumewe ni muuaji. Unajua yule binti shuleni walimwita nani? Ajali. Mimi ndiye niliyekuwa nikishona sare za shule ile, na nililisikia jina hilo, na nikanyamaza, kwa sababu nilidhani anastahili.

Ile barua ya shukrani niliichana. Yako pia nilitaka kuichana. Nilipoishika mama akasema, “Nisomee.” Nikasoma yote. Sikuruka. Nilipomaliza alivuta shuka mpaka kifuani, akasema, “Hii imekosea nyumba. Mpelekee mwenyewe.”

Nikamwambia, mama, huyu ni mwanao, wataongeza kifungo. Akasema, “Na yule alikuwa mwana wa nani?”

Bado sijaipeleka. Naogopa mlango wa yule mjane kuliko nilivyoogopa ule mlima. Na siwezi kupeleka maneno yako bila wewe kuniambia. Nijibu.


4 Agosti

Dada, shikamoo. Na kwa mama, shikamoo.

Ofisi haikuizuia barua yako. Afisa aliniletea mwenyewe mpaka kwenye benchi la kazi, akasema, “Wako hai,” akaondoka. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Kuhusu mama, sasa najua. Mwambie ameshindwa, mzigo umefika na nimeubeba.

Ipeleke. Usipunguze neno. Ulipo ule ukurasa uliotetemeka, usiseme nilikuwa nalia, wala usiseme tajiri alinilazimisha. Hakunilazimisha, alisimama tu na saa yake. Nimeshaitwa na wapelelezi wawili, nimeandikisha maelezo yote. Wamesema kesi inaweza kufunguliwa upya, na kusema uongo mbele ya hakimu ni kosa la peke yake. Miaka mingapi hawajui. Naogopa, dada. Naogopa hasa kwamba mama hatanisubiri. Lakini kuna hofu nyingine, ya miaka minne, ile ya kila nikisikia gari linawashwa nje ya ukuta nageuza uso. Hiyo imepungua.

Mdogo wako.


26 Agosti

Mdogo wangu,

Mama hajambo leo. Jumatatu alikuwa mbaya, jana amekunywa uji wote akadai mwingine. Anasema atakusubiri, ila usimhesabie siku.

Nilikwenda Jumamosi. Mjane anakaa nyumba ile ile, anapasi nguo za watu. Alifungua mlango akanitambua, akabaki ameshika kitasa. Sikupewa karibu, na sikuwa nimeitegemea. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa niliyomwambia nje ya mahakama, na nimeleta karatasi ya ndugu yangu.

“Anataka nini?”

“Hataki kitu.”

Aliichukua akaniambia nisubiri pale pale. Alisoma akiwa amesimama kando ya meza ya kupigia pasi, mgongo kwangu. Nikaona mabega tu. Pasi aliisahau juu ya shati, moshi ukaanza kutoka, nikaingia bila kukaribishwa nikainyanyua. Tukabaki hivyo, mimi na pasi ya moto mkononi, yeye na barua.

Akaniambia, “Macho yangu yananidanganya. Nisomee hapa.” Akaweka kidole. Nikasoma: sauti hii siipendi, fundi, nabeba watu. Akasema, “Tena.” Nikasoma. Akasema tena. Mara ya tatu akamwita binti yake atoke uani.

Ni mkubwa sasa, ana miaka kumi na minne, mrefu kama baba yake. Alikuja na mikono ina sabuni. Mama yake akamwambia, “Kaa hapo, usikie baba yako alivyosema siku ile.” Nikasoma mara ya nne, na hiyo ndiyo iliyonishinda, sauti ilikatika njiani nikaanza upya.

Mjane hakuniambia amesamehe. Hakuniambia hajasamehe. Aliuliza kama maelezo hayo yako kwa wapelelezi, nikasema yako. Akauliza kama yatasomwa mahakamani kwa sauti, na watu wakiwemo. Nikasema nadhani yatasomwa. Akasema, “Nitakuwepo.” Kisha akachukua lile shati lililoungua, akalitazama, akalikunja kama lingali zima.

Nilipokuwa natoka binti alinifuata mpaka barabarani. Alikuwa bado ana sabuni mikononi. Akaniuliza, “Alisema kwa sauti gani?”

Nikamwambia sijaelewa.

“Alipomwambia fundi. Alikuwa amekasirika, au alikuwa anaogopa? Alisema kwa sauti gani?”

Ningejuaje, mdogo wangu? Mimi sikuwepo. Waliokuwepo ni watatu, mmoja amekufa, na tajiri hawezi kuulizwa jambo kama hilo. Nimemwambia nitamuuliza aliyesikia. Amesema atasubiri.

Mwandikie mtoto.

Ni mimi dada yako.